Jikoni kwa Nani

Idrisa alizileta mbili, nyeupe, kama mayai ya mbuni,
moja akaiweka sebuleni, moja juu ya friji,
akanibusu kwenye paji, akawahi treni yake ya saa kumi.
"Mama, ni kubonyeza tu."

Kubonyeza nimebonyeza.
Tangu Jumamosi nabonyeza.
Spika inawasha kitaa cha buluu, inanikonyeza,
inatafuta, inatafuta, kama mpiga ramli aliyesahau neno,
halafu inanijibu kwa sauti ya kike iliyoshiba:
kifaa chako hakiendani nami.

Kifaa changu nilikinunua Kariakoo, kwa kijana
aliyeniapia kwa mama yake mzazi kwamba kina kila kitu.
Na kina kila kitu. Kina tochi. Kina laini mbili.
Kina ufa toka pembe hadi pembe
wa siku kiliponiponyoka kwenye ngazi za wodi ya tisa.
Ila spika hizi zimekula kiapo kwa kampuni moja,
hazisikii simu ya ukoo mwingine.
Ya Idrisa zinaiitikia kabla hajasema bismillahi.

Nikaambiwa nisasishe.
Nikasasisha. Mstari ukatambaa nusu, ukalala.
Nikaambiwa toleo nililonalo ndilo la mwisho,
simu ya umri huu haiongezewi jingine.
Miaka minne!
Nina sufuria ya miaka thelathini
haijawahi kuniuliza ni toleo gani.

Na nilichotaka wala si kikubwa.
Shangazi Mwanashamba wa Pangani kanitumia sauti,
dakika kumi na saba: kesi ya kiwanja,
na humo humo, katikati ya kesi, mkate wa kumimina.
Nilitaka anisemeshe huku mikono imo kazini.

Jumanne usiku, mvua ya Leicester ikikwangua kioo,
orodha ikazaa jina jipya: Jikoni.
Alhamdulillahi, nikasema, imesalimu amri.
Nikabonyeza. Imeunganishwa.
Nikamweka shangazi, nikazamisha mikono kwenye bakuli.

Kimya.
Juu ya friji, yai halina habari.
Halafu ukutani, upande wa vigae,
nyuma ya kalenda ya msikiti,
shangazi akakohoa.

Alikuwa jikoni, kweli. Jikoni kwa jirani.
Upande wa pili wa tofali, kwa sauti ya mkutano wa hadhara,
anamweleza mtu nisiyemjua
kwamba Mbaruku ni mwizi, tena mwizi wa mchana,
na mchele uroweke usiku kucha,
na hati ya kiwanja, usimwambie mtu, iko chini ya godoro.
Nami vidole vimenata, kioo hakinitambui,
najaribu kiwiko, najaribu kidevu,
sauti inapanda badala ya kushuka.

Kengele.
Ni mama wa nambari arobaini na sita.
Miaka sita tunapungiana mikono siku ya mapipa ya taka,
basi. Kavaa sari ya pamba, na sweta la mtu mrefu juu yake.
Nikaanza kuomba radhi kwa Kiingereza changu cha hospitali.
Akanikatiza:
"Hamira. Huyo mama hapana sema hamira ngapi.
Na ile Mbaruku, peleka yeye kotini."

Kiswahili cha Kisumu, cha nyuma ya kaunta ya baba yake,
miaka hamsini na ushee hakijatolewa kabatini,
ngeli zimeota kutu,
na bado kilishika mara moja.

Anaitwa Kusumben. Nilikuwa sijui.

Nikafunika bakuli kwa mfuniko wa sufuria,
tukapita mvuani, mlango hadi mlango, hatua tisa.
Spika yake kuukuu, imefungwa mpira kiunoni,
imekaa kati ya manjano na bizari kama mwana wa nyumbani.
Tukamrudisha shangazi dakika ya kumi na moja.
Kusumben kijiko mkononi, nami pumzi nimeibana.

"Hamira," akasema shangazi,
"weka kiasi."